Ukili wa Tatu

Miaka ile niliyoishi Toronto nilitembelea makumbusho na majumba mashuhuri ya zege kuliko mtalii yeyote mwenye kamera, na sikumbuki hata siku moja niliyokwenda kustarehe. Nilikuwa natafuta mkeka. Mkeka wa ukindu, wa kulalia watu wawili, uliosukwa Rufiji na mama yangu akiwa na mimba yangu, na ambao baba yangu alimpa Mzungu.

Baba alikuwa fundi wa maboksi ya zege. Kwa asiyejua kazi hiyo: zege likiwa bichi halina umbo, ni uji tu wa saruji, mchanga na kokoto. Linamwagwa ndani ya boksi la mbao lililofungwa kwa misumari na kushikiliwa kwa mirunda, na likishakauka boksi linavunjwa. Kwa hiyo kila alichokitengeneza baba maishani kilitengenezwa ili kivunjwe. Tulipopita mbele ya jengo alilolifanyia kazi, hakuwa na kitu cha kunionyesha isipokuwa alama ambazo mbao zake ziliacha ukutani, nyuzi za mti na vifundo vyake. "Ule ni mvule," ananiambia, "na pale mvule uliisha, tukaweka msonobari." Mimi naona ukuta wa kijivu. Yeye anasoma.

Miaka michache baada ya uhuru alikuwa kwenye ujenzi wa chuo kimoja Dar es Salaam. Msanifu wa majengo alikuwa Mzungu kijana aliyetoka Toronto. Ukafika wakati wa kumwaga ukuta wa pale mlangoni pa ukumbi, na mbao zilizoletwa zilikuwa takataka, zimepinda na kuliwa na wadudu. Mzungu alikuwa amesafiri kwenda Nairobi, na saruji ilikuwa imeshawekwa tayari kwa ajili ya kesho yake. Baba akafikiri kama anavyofikiri mtu wa kwetu. Pale ni mlangoni, ndipo atakapopokelewa mgeni, na mgeni hapokelewi kwa mbao zilizoliwa na mchwa, anatandikiwa mkeka. Basi alfajiri akaja nyumbani, akaukunja mkeka wa mama, akaupaka oili chafu ya gari ili usigande, akaupigilia ndani ya boksi na kumwaga zege juu yake.

Mzungu alirudi siku ya kuvunja boksi. Baba alisimama pembeni akingoja kufukuzwa kazi. Ukuta ulitoka umesukwa, kila unyuzi unaonekana. Mzungu akausogelea, akaupapasa juu hadi chini, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe kabla ya kutaja bei. Kisha akauomba mkeka wenyewe. Alisema akirudi kwao atajenga ukuta kama ule, halafu ataurudisha mkeka kwa meli. Baba akampa.

Mama alifoka, nimeambiwa, kisha akacheka, akasema, "Nitasuka mwingine." Hakusuka. Homa ilimchukua kabla ya masika, mimi nikiwa sijatimiza miaka mitatu. Kanga zake ziligawiwa, picha hakuwahi kupiga. Sura yake siikumbuki, na nilishachoka zamani kujifanya naikumbuka. Kitu pekee ambacho mikono yake ilikitengeneza kikabaki duniani kilikuwa Kanada kwa mwanamume ambaye baba hakujua hata kulitaja jina lake vizuri.

Mkeka ule ulikuwa na alama. Mkeka husukwa kwanza kwa vipande virefu vyembamba, kila kimoja kinaitwa ukili, halafu kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana upatikane. Katika mkeka wa mama, kama baba alivyonieleza, ukili wa tatu kutoka kulia, shibiri moja kutoka chini, kulikuwa na kosa. Alikuwa anausuka ukili huo uchungu wangu ulipomwanza, mkono ukaruka, ukindu mmoja ukapita juu ulipopaswa kupita chini, na kwa urefu wa kidole hivi nakshi ikageuka. Shangazi zangu wakamwambia afumue. Akakataa. "Huyu ndiye kaniharibia," akasema. "Iacheni alama yake, mwenyewe ataiona akikua."

Sikuiona. Ule ukuta wa chuoni nao haukudumu. Nilipokuwa darasa la pili ulishapigwa plasta na rangi ya kijani, kwa sababu mkuu mpya alisema ukuta wenye mikunjo unakusanya vumbi. Nikakua namlaumu baba. Simchukii, asinielewe vibaya mtu, lakini kila aliponitumikisha au kunichapa, moyoni nilikuwa na jibu moja: wewe uliyegawa mkeka wa mama yangu.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma kozi ya ufundi Toronto, baba hakuniambia nisome kwa bidii. Aliniambia, "Nenda kauangalie ule ukuta. Yule bwana alikuwa muungwana, lazima ameujenga." Kozi ikaisha, nikabaki, nikapata kazi kwenye kiwanda cha plastiki huko North York, na chumba kwenye moja ya yale maghorofa ya Dixon Road, ambako ndege za uwanja wa Pearson zinapita chini mpaka unaweza kuhesabu magurudumu. Majirani zangu wengi walikuwa Wasomali, baadhi walijua Kiswahili cha Nairobi au cha Mombasa. Tulisalimiana kwenye lifti. Lifti ikifika ghorofa yako, mazungumzo yamekwisha.

Kazini sikuhitajika kusema kitu. Mashine inafunga kalibu, yaani boksi la chuma la kutolea umbo, plastiki ya moto inaingia, inapoa, kalibu inafunguka, unatoa sahani au sinia au mfuniko, unatazama kama kina dosari, unakiweka kwenye katoni. Zilikuwepo siku nilizofika nyumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi nimetamka maneno sita. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Jumapili ni siku ya watu wenye kwao. Ndiyo maana nilianza kutafuta, nikisema ukweli. Si kwa sababu baba alinituma, bali kwa sababu mtu akiwa na kitu cha kutafuta anaweza kutoka nje peke yake bila aibu.

Nilianza na kitabu cha simu. Jina la Mzungu yule, jinsi baba alivyolitamka, lingeweza kuwa la watu waliojaa kurasa tatu, na wawili niliothubutu kuwapigia hawajawahi kufika Afrika. Nikahamia kwenye majengo.

Nilikwenda kwenye jengo la halmashauri ya jiji, ile minara miwili iliyopinda ikatazamana, kama viganja vinavyokinga njiti ya kiberiti isizimwe na upepo. Wote wanaipiga picha kwa mbele. Mimi nilizunguka nyuma, ambako hakuna hata dirisha moja, nikapapasa mgongo wa mnara mmoja huku upepo wa Februari ukinitoa machozi. Mistari mitupu, inapanda juu. Si ukindu. Nilikwenda kwenye ile minara myeusi ya mabenki ambayo wasanifu wa majengo wanatoka mbali kuja kuitazama, nikasimama katikati yake nikaona chuma na kioo, zege lote limefichwa. Baba angeidharau. Nilikwenda maktaba kubwa ya chuo kikuu, zege kuanzia chini hadi juu, pembe juu ya pembe, na pale nilirudi Jumapili tatu, kwa sababu kuta zake zilikuwa na alama za mbao. Nilizifuata kwa kidole. Niliona pale fundi alipopiga ubao mfupi kuziba pengo, na pale ambapo kifundo cha ubao kilidondoka, zege likajaa tundu lake likaacha kinundu. Wanafunzi walinipita na vitabu vyao. Sijui walinionaje, mtu mzima mwenye jaketi la kiwandani anausoma ukuta ndani ya nyumba yenye vitabu vyote vile. Mle nilijisikia niko kwetu kidogo, nikaichukia hali hiyo pia, kwamba kwetu pamekuwa ni mahali pa kuparaza vidole.

Kisha nikafikiri, labda ukuta hakuujenga, labda mkeka aliuchoka akaupeleka makumbusho, Wazungu hawatupi kitu. Kwa hiyo nikaingia makumbusho. Kwenye ile kubwa ya mjini kulikuwa na jioni ya kuingia bure, nikawa mtu wa jioni hiyo. Nilipita mifupa ya wanyama wa zamani, nikapita magogo marefu yaliyochongwa nyuso, yamesimama katikati ya ngazi yakitoboa ghorofa baada ya ghorofa, nikaenda moja kwa moja kwenye makabati ya Afrika. Ngao, vinyago, vigoda, mto wa mbao wa kulazia kichwa. Mkeka hakuna. Niliandika barua kuuliza kama kuna mikeka stoo, nikajibiwa kwa adabu kwamba hakuna. Nikaenda makumbusho ya nguo, ya vyombo vya udongo, ya vitu ambavyo sikuvielewa. Popote penye kiingilio mkata tiketi aliniuliza, "Mmoja tu?" Mara ya kwanza nilijibu. Baadaye nikawa nainua kidole kabla hajauliza.

Kila Jumapili asubuhi nilimpigia baba simu kwa kadi, kwenye duka la jirani yake, ambako alikuwa ameshakaa kwenye benchi akisubiri; kwao ilikuwa magharibi inaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona?"

Hakuuliza baridi, hakuuliza kazi. Umeuona? Na mimi nikimjibu sijauona, anasema, "Mtafutaji hachoki," na kuniachia mimi nimalizie. Kwa miaka minne nimemmalizia: akichoka keshapata.

Mwaka wa tano nikakiona. Si ukuta, kitabu. Kwenye maktaba ya mtaa kulikuwa na kitabu cha majengo ya zege ya jiji, na nyuma kabisa, kwenye picha ndogo kama stempu, ukumbi wa makumbusho ya mawe na madini huko Don Mills, na jina la msanifu lililofanana vya kutosha na lile la baba. Picha haikuonyesha nakshi. Ilionyesha kuta zenye kivuli ambacho si cha ukuta mtupu.

Jumapili ile nilipanda mabasi matatu. Don Mills imejengwa kwa wenye magari. Basi linakuteremsha barabarani, halafu unatembea kwenye ukingo wa majani kando ya maofisi yaliyofungwa, bila kukutana na binadamu. Jengo lenyewe lilikuwa la chini, limejibanza nyuma ya miti, kama limeomba radhi kwa kujengwa. Mezani alikaa mama mmoja mzee mwenye sweta la bluu. Nikainua kidole kimoja, nikalipa, nikaingia.

Ulikuwa ukindu.

Nilijua kabla sijafika karibu. Ukumbi mzima, pande mbili, paneli ishirini na nne za zege zenye urefu wa mtu, na kila paneli ni mkeka uliosimama. Kili zinaonekana, mishono kati ya ukili na ukili inaonekana. Mbele yake yamewekwa makabati ya mawe, na watu wawili watatu waliokuwepo walikuwa wanatazama mawe. Nikapiga magoti penye paneli ya kwanza, pembe ya chini kulia, nikahesabu. Ukili wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikapima shibiri. Nikaparaza kidole.

Nakshi ilikwenda sawa. Juu, chini, juu, chini, haina kosa.

Nikaenda ya pili. Nikaenda ya tatu. Nikafikiri labda wameugeuza miguu juu, nikaangalia pembe ya juu kushoto kwa kuchuchumia. Hakuna. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia sana, nikafuata kipimo chake neno kwa neno, paneli ishirini na nne, kwa magoti. Kwenye ya mwisho yule mama mwenye sweta alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo. Akainama naye, akaanza kutazama sakafuni akifikiri ni pete au sarafu, na sikuwa na Kiingereza cha kumzuia. Tukatafuta pamoja kwa dakika nzima. Mwisho nikamshukuru nikatoka.

Nilimpigia baba siku hiyohiyo, kwao usiku umeshaingia, wakamwita kutoka kitandani. Nikamwambia ukuta upo, una ukindu, lakini si wa mama. Huyo bwana wako, nikasema, alichukua wazo, akatengeneza mkeka wake wa kiwandani ulionyooka, wa mama akautupa.

"Uliangalia vizuri?"

"Ishirini na nne, baba. Ukili wa tatu kutoka kulia, kama ulivyosema."

Akakohoa. Halafu akasema, "Basi, mwanangu. Labda tuseme ndiyo bahati yake." Upole wake ndio uliniudhi. Miaka thelathini ilinitoka kinywani kwa sentensi moja. "Bahati gani? Mama yangu ulimtoa wewe mwenyewe ukampa Mzungu, sasa unaniachia mimi nimtafute kwenye kuta za watu."

Nikakata simu. Sikupiga Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Nilijua anakaa kwenye benchi la duka akingoja, na nilijua mwenye duka anamwambia labda mtandao mbovu. Nilijua yote hayo na sikupiga. Wiki saba. Nilikuwa nashinda kitandani Jumapili nzima nikisikiliza ndege, sina tena hata pa kwenda. Watu husema upweke ni kukosa mtu wa kuzungumza naye. Mimi nadhani ni kuwa na mtu mmoja tu, na kumnyamazia.

Katika wiki hizo kiwandani aliletwa mfanyakazi mpya, mama wa Bukavu, mkimbizi, aliyenifurahia alipogundua nasema Kiswahili, ingawa alinicheka ninavyokisema. Siku yake ya tatu tulibadilishiwa kalibu. Ilikuwa ya mifuniko yenye maandishi. Alipoifungua kuifuta, akapiga kelele mashine isimamishwe.

"Ndugu, kuya uone! Hii moule baliandika mubaya. Maandiko inaenda kinyumanyuma. Tutafanya mifuniko mubaya yote, na batatufukuza siye!"

Nikaenda nimejaa ujuzi. "Haina ubaya, dada. Kalibu zote ziko hivyo. Kinachotoka ndicho kitasomeka. Kalibu hugeuza. Ukiona kitu kulia kwenye kalibu, kwenye mfuniko kitatokea..."

Yule mama akaniangalia. "Eh, ndugu, unaona nini?"

Nilikuwa nimeinua mikono yangu miwili kumwonyesha, nimeikabilisha kiganja kwa kiganja, na mkono wa kulia ulikuwa unatazamana na wa kushoto.

"Kushoto," nikasema. "Kitatokea kushoto."

"Sasa mbona unalia?"

Nilikuwa nimefanya kazi ya kalibu kwa miaka mitano, sinia baada ya sinia. Na baba, fundi wa maboksi tangu ujana, aliyekuwa akisoma kuta kama gazeti, alinipa kipimo cha mkeka alivyoukumbuka ukiwa umetandikwa chumbani, mama amekaa juu yake. Hakuukumbuka kama fundi. Aliukumbuka kama mume.

Jumapili ikafika. Mabasi matatu, ukingo wa majani ambao sasa ulikuwa theluji. Mama mwenye sweta akanitambua, akanikatia tiketi bila kuniuliza. Paneli ya kwanza, pembe ya chini kushoto. Ukili wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shibiri moja. Nilifumba macho kabisa, nikaachia kidole kiende chenyewe.

Kiliruka.

Ukindu mmoja umepita juu ulipopaswa kupita chini, na kwa urefu wa kidole changu nakshi imegeuka, kisha imetulia ikaendelea. Nikaenda paneli ya pili, lipo. Ya tatu, lipo. Yule bwana alikuwa amechukua umbo la mkeka ule mmoja akalirudia ukumbi mzima, na kosa hakulisahihisha. Alikuwa muungwana kweli. Mkeka wenyewe sijui uliishia wapi, wala sijaulizia tena. Lakini mkono wa mama yangu ulikuwa umestuka pale kwa ajili yangu, mara ishirini na nne, karibu na makabati ya mawe, na watu walikuwa wanapita na makoti yao.

Nilitoka nikapiga simu kwenye kibanda kilichokuwa barabarani, vidole vimekufa ganzi; kwao usiku ulishaingia, wakamwita tena kutoka kitandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuuliza kama nimeuona. Nilisikia kifua chake kinavyokoroma, kimezidi tangu tuliponyamaziana.

"Baba, nisamehe. Lipo. Upande wa kushoto."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kinachoingiliwa na kikohozi, akimwambia mwenye duka au benchi au mtu yeyote, "Kushoto! Mimi! Fundi mzima nimesahau zege hugeuza!" Akacheka tena, akaacha ghafla.

"Yuko mzima?"

"Yuko mzima, baba."

"Hawajampiga plasta?"

"Hawajampiga plasta."

Akavuta pumzi. "Ulimwamkia?"

Niligeuka nikalitazama lile jengo nyuma ya miti.

"Nakuuliza, ulimwamkia mama yako, au ulimpapasa tu kama yule Mzungu?"

"Sikumwamkia, baba."

"Alikufa hujajua kusema vizuri," akasema. "Hujawahi kumwamkia hata siku moja. Rudi."

Nilimwambia karibu wanafunga. Nikamwambia kesho nina kazi. Akasema, "Rudi," kwa sauti ile aliyokuwa akinitumia nikiwa mtoto, ambayo haina majadiliano.

Kesho yake kwa mara ya kwanza katika miaka mitano nilipiga simu kiwandani nikasema naumwa. Nilifika makumbusho wanafungua. Hapakuwa na mtu mwingine, ila yule mama wa mezani. Nilikwenda mpaka paneli ya kwanza, nikasimama, nikaona siwezi. Nikainama nikavua mabuti, kwa sababu mkekani hapakanyagwi na viatu, na theluji iliyokuwa kwenye soli ilianza kuyeyuka sakafuni. Nilichutama na soksi zangu. Niliweka kiganja chote penye ukili wa tatu. Zege lilikuwa la baridi sana, kisha likawa si la baridi sana.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nilisikia kiti kule mezani kinasogezwa, lakini mwenye sweta hakuja. Nikangoja kwa muda ambao mtu hungoja kuitikiwa, kisha nikavaa viatu.